Ukata Si Sifa: Nani Hulipia Ubunifu wa Maskini?

Katika warsha zetu za maendeleo kuna kauli moja ambayo imekuwa kama dua ya ufunguzi: kwamba watu wetu hawana tatizo la rasilimali, wana tatizo la ubunifu. Nimeisikia ikitamkwa na watendaji wa halmashauri, na wawakilishi wa wafadhili, na hata na washauri wanaolipwa kwa siku moja kiasi ambacho kikundi cha akina mama wanachokuja kukifundisha hakikusanyi kwa mwezi mzima. Kauli hiyo husemwa kwa nia njema na hupigiwa makofi. Makala hii inaipinga, kwa sababu naamini ni miongoni mwa kauli zinazotudhuru zaidi katika mjadala wa ujasiriamali jamii hapa Afrika Mashariki.

Ninapotaja biashara za kijamii nakusudia vyombo vinavyouza bidhaa au huduma ili kutimiza haja ya jamii, na ambavyo ziada yake hurudi kazini badala ya kuishia mfukoni mwa mwenye mtaji. Chombo cha watumia maji kijijini kinachouza maji kwa ndoo ni biashara ya kijamii. Vivyo hivyo ushirika wa wafugaji nyuki, karakana ya vijana wenye ulemavu inayoshona sare za shule, kikundi cha kuweka na kukopa, na chama cha wanakijiji kinacholinda mikoko na kuuza hewa ukaa. Vyombo hivi husifiwa kwa uwezo wa kupata kitu pasipo na kitu. Hoja yangu ni kwamba hakuna kitu kinachopatikana pasipo na kitu. Kila rasilimali inayosemekana "imegunduliwa" na biashara ya kijamii imetoka kwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hakulipwa. Na sehemu kubwa ya uhaba wenyewe haikushuka pamoja na ukame. Iliamuliwa ofisini, kwa barua yenye tarehe na sahihi.

Nusu ya nadharia iliyosahauliwa

Wanafunzi wangu wanaijua vyema nadharia inayotumiwa kuipamba kauli ile. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia wa Ufaransa, Claude Lévi-Strauss, alimweleza fundi anayeunda kitu kwa vipande vilivyobaki kutoka kazi nyingine, akamtofautisha na mhandisi anayeagiza kila kifaa kwa ajili ya kazi yake. Mwaka 2005 watafiti wawili, Ted Baker na Reed Nelson, wakaipeleka dhana hiyo katika elimu ya ujasiriamali baada ya kuzichunguza kampuni ndogo 29 zilizofanya kazi katika ukata. Mfano wao maarufu ni wa mkulima wa Marekani ambaye chini ya shamba lake palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe ulioachwa, ukivujisha gesi ya methani. Wengine waliiona gesi ile kuwa balaa. Yeye aliiingiza kwenye jenereta akazalisha umeme, kisha joto la jenereta akalitumia kupasha banda la nyanya. Mwaka 2010 Di Domenico, Haugh na Tracey wakaihamishia nadharia hiyo kwenye biashara za kijamii za Uingereza, na tangu hapo imekuwa mgeni wa kudumu katika tasnifu zetu.

Hiyo ndiyo nusu inayosomwa, na ni nusu ya kweli. Fundi wa aina hiyo tunamwona Kariakoo na Gikomba kila siku. Hatukuhitaji kitabu kumtambua. Lakini Baker na Nelson walisema jambo jingine ambalo huachwa nje ya warsha. Kampuni zilizoungaunga kila kitu kwa wakati mmoja, yaani vifaa, kazi, ujuzi, wateja na hata taratibu, zilinasa. Zilifungwa na fadhila: huyu alisaidia jana, leo hawezi kudaiwa, yule mteja ni jirani, hawezi kutozwa bei kamili. Zilizokua ni zile zilizoungaunga katika maeneo machache, kwa muda, kisha zikaacha na kuanza kununua, kuajiri na kutoza kama kampuni nyingine.

Tafsiri yake kwa lugha nyepesi ni hii: kuungaunga ni daraja la kuvukia, si nyumba ya kuishi. Sisi tumelichukua daraja tukalijengea paa, tukawaambia watu wahamie humo na kutushukuru.

Saa 2,600

Tuiangalie rasilimali ya kwanza ambayo vikundi vyetu "hugundua". Chukua kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25, wengi wao wanawake, wanaokutana saa mbili kila wiki. Ni saa 50 kwa wiki, saa 2,600 kwa mwaka. Mwajiriwa wa saa 40 kwa wiki hufanya kazi saa 2,080 kwa mwaka, hata kama hakupewa likizo ya siku moja. Kwa hiyo kikao pekee, kabla hatujahesabu kazi ya katibu anayeandika daftari usiku, ya mweka hazina anayezunguka kuwakumbusha wadaiwa, na ya mwenyekiti anayesuluhisha ugomvi, tayari ni zaidi ya ajira moja kamili. Ajira hiyo haionekani katika hesabu yoyote. Haimo kwenye andiko la mradi, haimo kwenye taarifa ya halmashauri, na haimo kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Tunaiita "mwamko".

Mfumo huu wa vikundi una historia inayojulikana. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na kutoka huko ukaenea barani. Kwetu ulikuta upatu na mchezo vikiwa vimekwisha kuzoeleka, ndiyo maana VICOBA vilishika mizizi upesi. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu mikononi mwa wanachama watatu tofauti, ni chombo cha utawala bora kuliko vingi ninavyovijua katika taasisi kubwa. Siudharau ubunifu huo hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini saa za mwanamke zihesabiwe kuwa sifuri. Anayezitoa amezitoa kutoka mahali fulani: shambani, gengeni, kwenye usingizi, au kwa binti yake ambaye alibaki nyumbani kumlea mdogo wake ili mama aende kikaoni.

Rasilimali ya pili ni uaminifu. Vitabu huutaja uaminifu kana kwamba ni maji ya mvua, yaani unajikusanya wenyewe juu ya bati. Uaminifu wa uswahilini hujengwa kwa miaka: nilikuja msibani kwako, ulinikopesha unga, tulichangiana mahari. Kikundi kinapoutumia kama dhamana ya mkopo, kinautia mtaji wa maisha yote kwenye hatari. Mkopo ukiharibika benki hupoteza fedha. Kikundi hupoteza jirani. Angalieni mikopo ambayo mitaani imebatizwa jina la "kausha damu". Mkopeshaji hahitaji kumjua mkopaji wala kuchunguza biashara yake, kwa sababu gharama hiyo amewatwika wenzake wa kikundi. Wao ndio wapelelezi, wao ndio wadhamini, na siku ya mwisho wao ndio wanaobeba runinga na godoro la mwenzao kutoka chumbani mwake. Mkopeshaji ameokoa gharama. Nani amelipa?

Uhaba wenye tarehe na sahihi

Watetezi wa kauli ile huuzungumzia uhaba kama hali ya hewa. Mimi naomba tuutazame kama historia.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Hiki kilikuwa chombo cha wakulima wadogo kilichokusanya mazao, kikajadili bei na kujenga uwezo wake kwa fedha za wanachama chini ya serikali ya kikoloni isiyowapenda. Vyama vikuu vya namna hiyo vikaenea katika mikoa mingine, katika pamba, korosho na tumbaku. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ikavivunja, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Ndani ya miaka hiyo sita hazikupotea mali tu. Palipotea wahasibu, kumbukumbu, desturi ya mkutano mkuu, na imani ya mkulima kwamba chama ni chake. Tunapomwambia leo mjukuu wa mkulima yule kwamba tatizo lake ni ubunifu, tunamwomba agundue upya alichokuwa nacho babu yake kabla hakijachukuliwa.

Kuna watakaosema kwamba vyama vile vilikuwa na ubadhirifu. Vilikuwa nao. Lakini dawa ya mweka hazina mwizi ni mahakama na ukaguzi. Kuvunja chama ni kumwadhibu aliyeibiwa.

Mantiki hiyohiyo ilijirudia karibuni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri ya Tanzania Bara inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sera nzuri, na nchi nyingi hazina kitu kama hicho. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikaonesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima, na ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Tafakarini ni nani aliumia katika kipindi hicho. Kikundi hewa hakikuumia, kwa kuwa hewa haili ugali. Afisa aliyekiidhinisha aliendelea kupokea mshahara wake. Aliyeumia ni kikundi halisi kilichokuwa kimerejesha mkopo wa kwanza kwa wakati na kilikuwa kinasubiri wa pili ili kinunue cherehani au vifaranga. Kikundi hicho kilikuwa kimefanya kila jambo tulilokifundisha, kisha kikaadhibiwa kwa kosa la ofisi iliyokuwa na wajibu wa kukagua. Na katika miezi hiyo ya ukame uliotengenezwa, warsha hazikusitishwa. Ziliendelea kufundisha ubunifu.

Upo pia uhaba wa malipo yaliyocheleweshwa. Sheria ya ununuzi wa umma ya Tanzania inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, na Kenya ina mpango wa asilimia 30 tangu 2013. Ukisoma sheria utafurahi. Sasa fuatana na kikundi cha vijana kinachotaka kushona sare au kusambaza vyakula shuleni. Kinahitaji usajili, namba ya mlipa kodi, akaunti ya benki, mtu anayeweza kujaza zabuni kwenye mfumo wa kielektroniki, na mtaji wa kununua vitambaa kabla ya kulipwa. Kikipata zabuni na kukabidhi mzigo, huanza kusubiri. Madeni ya wazabuni ni wimbo unaojulikana Dar es Salaam na Nairobi pia. Kampuni kubwa ikicheleweshewa malipo hukopa benki. Kikundi cha vijana kikicheleweshewa hufa. Na tuliite jambo hili kwa jina lake: taasisi ya umma inayochelewa kumlipa fundi cherehani imekopa kwake bila riba na bila kumuuliza.

Wafadhili nao wasijifiche nyuma ya serikali. Wengi wao hufadhili shughuli na kukataa kufadhili chombo kinachoifanya. Watalipia mafunzo ya siku tatu, fulana na bango. Hawatalipia kodi ya ofisi, mhasibu wala betri ya pampu mradi ukiisha. Gharama za uendeshaji huonekana kama dhambi. Kisha taarifa inatakiwa kila robo mwaka, kwa muundo unaohitaji mhasibu ambaye walikataa kumlipia. Na siku hizi kuna mtindo wa mashindano ya ubunifu: vikundi vingi huandika maandiko kwa wiki kadhaa bila malipo, watatu hupanda jukwaani, mmoja hupewa hundi kubwa ya kadibodi. Jasho la waliobaki halihesabiwi popote, lakini picha yao imo katika taarifa ya mwaka ya mfadhili.

Walichokifanya watu wa Gazi

Msomaji makini ataniuliza: je, hakuna mfano wowote wa jamii iliyotumia kilichopo na kufanikiwa? Upo, na naupenda, kwa sababu unathibitisha hoja yangu.

Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi uitwao Mikoko Pamoja. Ulianza mwaka 2013 na unalinda hekta 117 za mikoko. Kwa kulinda na kupanda mikoko wanauza kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka chini ya viwango vya Plan Vivo, na mapato huenda kwenye mambo ambayo mkutano wa wanakijiji umeyachagua, kama vile maji na vifaa vya shule. Mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Huu ni mfano kamili wa rasilimali ambayo ilikuwepo mbele ya macho: mikoko iliyokuwa ikihesabiwa kuwa nguzo, boriti na kuni, na matope yaliyoshikwa na mizizi yake, ambayo hayakuwa na bei kabisa, yakageuka kuwa mapato.

Wahubiri wa ubunifu huishia hapo. Tuendelee kidogo. Kwa nini watu wa Gazi waliweza kuuza kitu kilichomo ndani ya msitu wa serikali? Kwa sababu Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 ilifungua mlango kwa vyama vya jamii kushiriki katika kusimamia misitu, na chama cha jamii cha Gogoni-Gazi kikautumia mlango huo. Nani alipima kaboni iliyomo katika mizizi na matope? Wanasayansi wa taasisi ya umma ya utafiti wa bahari, KMFRI, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, ambao walikuwa wakifanya utafiti katika ghuba hiyo miaka mingi kabla ya senti ya kwanza kuingia. Nani aliushughulikia mradi sokoni? Shirika la hisani lililosajiliwa Scotland.

Kwa maneno mengine, chini ya "ubunifu wa jamii" kuna sheria ya Bunge, kuna mishahara ya watafiti wa umma iliyolipwa kwa miaka, na kuna mtu aliyefanya kazi ya ofisi. Ondoa kimoja kati ya hivyo, mikoko ingebaki kuwa nguzo na kuni. Watu wa Gazi walileta kile ambacho hakuna mwingine angeweza kukileta: uamuzi wa pamoja wa kutokata, ulinzi wa kila siku, na uamuzi wa pamoja wa matumizi. Wanastahili sifa kwa hayo. Hawastahili kutumiwa kama ushahidi kwamba jamii haihitaji dola.

Na hata wao hawapangi bei. Tani ya hewa ukaa yao hununuliwa katika soko la hiari ambalo wanunuzi wake wako mbali, na ambalo hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana na Gazi. Mlinzi wa mikoko hulinda kila usiku, soko likiwa juu au chini. Hilo nalo ni gharama, na yupo anayeibeba.

Majibu kwa wapinzani

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni kwamba serikali zetu ni maskini na haziwezi kulipia kila kitu. Nakubali kwamba bajeti ina kikomo. Lakini sehemu kubwa ya ninayoyasema haihitaji fedha mpya. Kumlipa mzabuni mdogo kwa wakati si matumizi mapya. Fedha hizo zilikwisha kutengwa. Kumkagua afisa mikopo kabla ya kuidhinisha ni kazi aliyoajiriwa kuifanya mkaguzi wa ndani. Kuandika sheria inayovitambua vyombo hivi ni kazi ya Bunge lililopo.

Hoja ya pili husema kwamba fedha za bure huzaa uvivu, na kwamba ukata humnoa mtu. Mkono mtupu haulambwi, waliotutangulia walisema, nao waliujua ukata kutuzidi. Ukata humnoa mtu kama tupa inavyolinoa jembe: hulinoa, na pia hulimaliza. Tena siombi fedha za bure. Ninaomba kazi ilipwe. Anayesimamia pampu ya maji ya kijiji anafanya kazi ileile ya fundi wa mamlaka ya maji mjini, na hakuna anayesema kwamba mshahara humfanya fundi wa mjini kuwa mvivu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na huletwa na wanaharakati ninaowaheshimu. Husema kwamba ukiileta dola karibu na vikundi, utaviua. Dola ikitoa fedha, itataka kadi ya chama. Ikisajili, itataka kutawala. Historia niliyoieleza hapo juu inawapa haki ya kuogopa. Serikali iliitambua VICOBA kisheria kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo iliviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Mwaka uliofuata, marekebisho ya sheria mbalimbali yakazilazimisha taasisi nyingi zilizosajiliwa kama kampuni zisizogawana faida kuhamia usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Katika visa vyote viwili dola iliviona vyombo hivi kwa jicho la msajili. Haikuviona kwa jicho la mteja wala la mshirika.

Hata hivyo kujitenga hakutuokoi. Kikundi kinachoikimbia dola hakiko huru. Kimeangukia mikononi mwa mfadhili na mkopeshaji wa kausha damu, ambao hawapigiwi kura na mtu yeyote. Tunachohitaji ni sheria inayovipa vyombo hivi haki ambazo vinaweza kuzidai mahakamani, ili msaada usitegemee hisani ya mkurugenzi wa leo.

Na mifano ipo. Italia ilipitisha sheria namba 381 mwaka 1991 kuhusu vyama vya ushirika vya kijamii. Chama ambacho angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wake ni watu waliotengwa na soko la ajira, kama vile wenye ulemavu, husamehewa michango ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi hao, na mamlaka za umma zinaweza kuingia nacho mikataba kwa utaratibu maalumu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2004 iliyoanza kazi mwaka 2005, iliunda aina ya kampuni ya maslahi ya jamii ambayo mali yake imetiwa kufuli kisheria: haiwezi kugawanywa kama mali ya watu binafsi. Mwanachama wa VICOBA angeielewa sheria hiyo mara moja, kwa kuwa ana sanduku lenye kufuli tatu. Tofauti ni kwamba kufuli ya Mwingereza inalindwa na msajili na mahakama, na ya kwake inalindwa na ujirani peke yake. Sisi tunaiachia biashara ya kijamii ichague kati ya kuwa shirika lisilo la kiserikali, kampuni ya kawaida, ushirika au kikundi, na kila vazi linaibana mahali fulani.

Tudai nini

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, na najua mpo: mnayo madaraka ambayo hayahitaji waraka mpya. Ankara ya kikundi ikifika mezani, isipangwe chini ya ankara ya kampuni kubwa. Kikundi kikirejesha mkopo, mkopo wake wa pili usisubiri ziara ya kiongozi. Mnapoandaa taarifa ya asilimia 10, andikeni pia ni siku ngapi zilipita kati ya ombi na fedha kuingia. Takwimu hiyo moja itatuambia mengi kuliko picha za makabidhiano.

Kwa wanaharakati: acheni kuandika maandiko ya miradi ambayo ndani yake kazi ya wanawake ina thamani ya sifuri. Wekeni saa zao katika bajeti, kwa kiwango cha ujira cha eneo husika, hata kama mfadhili atauondoa mstari huo. Akiuondoa, na auondoe kwa mkono wake, na barua ya kuuondoa ibaki kwenye jalada. Na mkiwa wengi mnaoufanya hivyo, itamwia vigumu kusema kwamba hakujua.

Kwa wanafunzi wangu: mwakani wengi wenu mtaandika tasnifu kuhusu namna biashara za kijamii zinavyopata na kutumia rasilimali adimu. Nitazisoma kwa furaha. Lakini katika kila sura ya matokeo, pale mtakapoandika kwamba kikundi "kilipata" eneo, au vifaa, au nguvukazi, nitataka kuona sentensi ya pili inayosema kilipata kwa nani, kwa bei gani, na nani aliyeilipa. Tasnifu isiyokuwa na sentensi hiyo nitairudisha.